Milimita Moja na Nusu ya Mfupa

Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg nchini Sweden, mtu aitwaye Gösta Larsson alikubali kutobolewa taya. Alizaliwa na kasoro ya taya na kidevu, meno yalimpungukia, na kula kwake kulikuwa kwa taabu. Aliyemhudumia, Per-Ingvar Brånemark, wala hakuwa daktari wa meno. Alikuwa daktari wa upasuaji na profesa wa anatomia. Alikaza skrubu nne za titani kwenye taya la chini, akauacha mfupa upone kwa miezi kadhaa, ndipo meno ya bandia yakafungwa juu yake. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, na skrubu zile zilikuwa bado zinafanya kazi.

Kisa hicho husimuliwa sana kwenye mikutano ya madaktari wa meno, na wasimuliaji wengi hukomea hapo. Kinachoachwa ni habari ya mfupa. Kipandikizi, kama skrubu ya aina ile inavyoitwa, kinaweza kukaa kinywani miaka mingi bila kutikisika, huku mfupa unaokizunguka shingoni ukishuka kidogo kidogo na hesi zake zikibaki uchi moja baada ya nyingine, zimefichwa na fizi tu. Ni nani wa kulaumiwa? Chuma, mkono wa daktari, mswaki wa mgonjwa, au mwili wenyewe? Wataalamu wamelizozania swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na kila walipodhani wamelimaliza, kampuni fulani ilitoa kipandikizi kipya kikawavuruga.

Kuziba pengo kwa kitu kigumu ni ufundi wa kale. Mwaka 1931 Wilson Popenoe na mkewe walifukua huko Honduras kipande cha taya la enzi za Wamaya, kinachokadiriwa kuwa cha karibu mwaka 600 baada ya Kristo, chenye vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa mfano wa meno ya mbele. Mwaka 1970 Amadeo Bobbio wa Brazil alikipiga picha za eksirei, akaona mfupa umeota kuzunguka viwili kati ya vipande hivyo. Maana yake mwenye taya alipachikwa akiwa hai, na taya likapona. Karne nyingi baadaye wakaja Maggiolo na dhahabu yake mwaka 1809, Greenfield na kikapu cha waya wa platini na iridiamu mwaka 1913, kisha ndugu wawili wa Boston, akina Strock, waliotumia skrubu za aloi ya kobalti mwishoni mwa miaka ya 1930. Wote walikuwa mafundi hodari. Walichokosa ni njia ya kuufanya mfupa ukubali mgeni kwa kutegemewa, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 soko la Marekani lilitawaliwa na Leonard Linkow wa New York na vipandikizi vyake bapa, vyembamba kama jina lake la kibiashara lilivyodokeza: bapa la chuma lenye matundu. Vilipendwa kwa sababu viliweza kuingia hata kwenye mfupa mwembamba ambao skrubu ingeupasua. Daktari alikata mfereji kwenye taya kwa keekee ya kasi, akakigonga kipandikizi kikaingia, na mgonjwa akaanza kukitafunia mapema. Kuzunguka chuma kile ukajengeka utando laini. Watetezi wake waliueleza utando huo kuwa jambo la heri, eti unafanana na nyuzi zinazolishikilia jino la asili kwenye tundu lake. Vingine vilidumu miongo kadhaa, hilo lazima likubaliwe. Lakini maambukizi yakishapata njia kupitia utando ule, mfupa uliliwa urefu wote wa bapa, na siku ya kuking'oa daktari aliacha handaki kwenye taya.

Jinsi wakati ule ulivyozoea hasara inaonekana katika mkutano uliofanyika Harvard mwaka 1978 chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Wataalamu waliafikiana kwamba kipandikizi kinaweza kuhesabiwa kuwa kimefaulu hata kama kinacheza kwa hadi milimita moja, na hata kama mfupa umepungua kwa hadi theluthi ya urefu wake. Theluthi! Kwa kigezo hicho, kipandikizi chenye mfupa wa milimita 12 kilikuwa na ruhusa ya kupoteza milimita nne na bado daktari akapewa heko.

Wakati huohuo Göteborg walikuwa wakipima kwa sehemu za kumi za milimita, na hakuna aliyekuwa akiwasikiliza.

Habari ya Brånemark ilianzia Lund, nchini Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alitaka kuona damu inavyotembea ndani ya uboho wa kiumbe kilicho hai, kwa hiyo aliweka kwenye mguu wa sungura kifaa kidogo cha titani chenye dirisha la kuchungulia kwa hadubini. Majaribio yalipokwisha alitaka kuvitoa vifaa hivyo, maana vilikuwa vya gharama, avitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota hadi kwenye uso wa chuma na kukikamata. Titani ina tabia hiyo kwa sababu ikigusana na hewa hujifunika papo hapo kwa ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo mwili unayokutana nayo, si chuma chenyewe.

Alipohamia Göteborg aliendelea na mbwa, kisha watu. Madaktari wa meno wa Sweden walimwona mvamizi, mtu wa anatomia aliyeingilia vinywa visivyomhusu, na kwa miaka mingi kazi yake ilipingwa vikali. Pengine upinzani huo ulimsaidia. Ulimlazimisha kuandika kila kitu: kila skrubu, kila mgonjwa, kila picha.

Akisomwa leo, kinachoshangaza ni jinsi masharti yake mengi yalivyohusu mikono kuliko chuma. Titani isishikwe kwa kidole wala iguswe na chuma cha aina nyingine. Keekee izunguke taratibu, chini ya maji ya chumvi yasiyokatika, na ncha iwe kali. Skrubu izikwe kabisa chini ya fizi, miezi mitatu au minne kwa taya la chini, sita kwa la juu, bila kubeba mzigo wowote. Kisha mgonjwa arudi apasuliwe mara ya pili, kipachikwe kipande cha kati kitakachotokeza kwenye fizi na kubeba jino. Kipande hicho tukiite kiungio.

Sharti la maji lilipata ushahidi wake mwaka 1983. Anders Eriksson na Tomas Albrektsson, wa Göteborg pia, walipasha joto mfupa wa sungura huku wakiutazama kwa hadubini kupitia kifaa cha aina ileile ya Lund. Walikuta kwamba nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu zinatosha kuudhuru mfupa usijijenge upya ipasavyo. Nyuzi 47 si joto kubwa. Chai ya kawaida inazizidi mbali. Keekee butu, au daktari mwenye haraka anayekandamiza mkono bila maji, anaweza kuzivuka bila kuona moshi wala kunusa chochote. Mfupa uliokufa kwa joto haulalamiki siku ile. Unajitenga polepole wiki kadhaa baadaye, na lawama zinaelekezwa kwenye kipandikizi.

Mwaka 1978 kampuni ya Bofors, mtengenezaji wa mizinga, iliingia ubia na Brånemark kutengeneza skrubu zake. Kutoka ubia huo ikazaliwa Nobelpharma, baadaye Nobel Biocare. Mwaka 1982 George Zarb aliitisha mkutano Toronto, na madaktari wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wamezoea vipandikizi bapa wakaonyeshwa takwimu za Sweden. Baada ya Toronto ubishi juu ya mfupa kushikamana na titani ulikwisha.

Takwimu zenyewe zilikuwa zimechapishwa mwaka uliotangulia. Ragnar Adell na wenzake walikusanya kazi ya miaka 15, vipandikizi 2,768 kwenye taya za watu 371, wote vibogoyo wa taya moja au yote mawili. Ndani ya ripoti hiyo mlikuwa na tarakimu mbili zilizokuja kutawala fani nzima. Katika kipindi cha kupona pamoja na mwaka wa kwanza wa kutafunia, mfupa ulishuka kwa wastani wa milimita 1.5. Kuanzia hapo ulishuka milimita 0.1 tu kwa mwaka. Mwaka 1986 Albrektsson, Zarb na wenzao wakaligeuza jambo hilo kuwa sheria: baada ya mwaka wa kwanza, kipandikizi kilichofaulu kisipoteze zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka.

Hatua kubwa, ukilinganisha na theluthi ya Harvard. Ila mwaka wa kwanza ulisamehewa. Ile milimita moja na nusu ikapokewa kama kitu kisichoepukika, na kizazi kizima cha madaktari kilifundishwa kwamba mfupa kushuka hadi hesi ya kwanza ni desturi ya mwili. Ilichukua muda kutambulika kwamba Adell alipima kipandikizi kimoja, kilichochongwa kwa namna moja na kuwekwa kwa utaratibu mmoja. Hakuwa amepima tabia ya mfupa wa binadamu.

Fundi wa nyumba za miti anajua nguzo haianzi kuoza chini kabisa wala juu. Huoza pale inapotokea ardhini, udongo na hewa vinapokutana. Kipandikizi nacho huponzwa shingoni. Jino la asili limefungwa na nyuzi zinazozama kwenye mzizi wake kama kamba zilizopigiliwa, na fizi nayo imejishonea humo. Kwenye titani nyuzi hazina pa kuzama. Utafiti wa Tord Berglundh na wenzake, uliochapishwa 1991, ulionyesha kwamba hupita sambamba na chuma bila kukishika, kwa hiyo kizuizi kati ya kinywa na mfupa ni dhaifu zaidi. Mwaka 1996 Berglundh na Jan Lindhe waliipunguza makusudi unene fizi ya mbwa kabla ya kufunga viungio. Mwili ulitaka unene wake urudi, na kwa kuwa haukuweza kupanda juu, ukaushusha mfupa ili upate nafasi.

Uswisi walikuwa wamefika kwenye tatizo hilohilo kwa mlango mwingine. Huko Bern, André Schroeder alishirikiana na Taasisi ya Straumann ya Waldenburg, iliyokuwa imejijengea jina kwa utafiti wa aloi za saa za mkononi. Mwaka 1976 alichapisha ushahidi wake kwamba mfupa unashika titani iliyopuliziwa chembechembe za titani iliyoyeyushwa hadi uso ukawa wa mkwaruzo. Kipandikizi chake hakikuzikwa. Kilipita kwenye fizi tangu siku ya kwanza, shingo yake laini ikisimama juu ya mfupa, na kiungio kikakutana nacho juu, mbali na mfupa. Waswedi waliona huo ni uzembe unaoalika maambukizi. Leo ni vigumu kutomwonea Schroeder fahari, kwa maana bila kuwa na nadharia kamili alikuwa ameondoa kitu ambacho Göteborg walikuwa wakikiweka pabaya kila siku.

Kitu hicho ni ufa. Kipandikizi cha vipande viwili, hata kikichongwa kwa ustadi wa namna gani, kina upenyo wa maikromita chache pale kiungio kinapokaa. Bakteria wengi wana ukubwa wa karibu maikromita moja, kwa hiyo wanaingia, wanakaa, na kila mara mtu anapotafuna vipande vinachezacheza na kuwasukuma nje. Kwenye mfumo wa Brånemark ufa huo ulikuwa usawa wa mfupa hasa. Mwaka 1995 Ingvar Ericsson na wenzake walionyesha kwa mbwa kwamba mahali hapo daima pana kundi la chembe za uvimbe, hata fizi ikisafishwa kila siku, na mfupa unajiweka mbali nalo. Miaka miwili baadaye timu ya Joachim Hermann na David Cochran, San Antonio, Texas, ilipanga kwenye taya za mbwa vipandikizi vya maumbo mbalimbali, vingine vya kipande kimoja, vingine viwili, ufa ukiwa juu, usawa au chini ya mfupa. Matokeo yalikuwa na unyofu wa kupendeza. Kwenye kipande kimoja mfupa ulisimama pale uso wa mkwaruzo ulipokutana na uso laini. Kwenye vipande viwili ulishuka hadi karibu milimita mbili chini ya ufa, popote ufa ulipowekwa.

Sehemu kubwa ya ile milimita moja na nusu ilikuwa imepata mhusika, naye alitoka kiwandani.

Uvumbuzi uliofuata haukutokana na mbwa wala hadubini. Mwaka 1991 kampuni ya 3i ya Florida ilianza kuuza vipandikizi vinene, vya kipenyo cha milimita 5 na 6, kwa ajili ya mfupa laini wa magegoni. Viungio vya unene huo havikuwa vimetengenezwa bado. Madaktari wakatumia vilivyokuwepo, vya milimita 4.1, vikakaa juu ya kipandikizi vikiwa vyembamba kuliko kitako chao, na ukingo wa titani ukabaki wazi pande zote. Ulikuwa upungufu wa bidhaa tu. Miaka ilipopita, picha za eksirei za wagonjwa hao zikaonyesha mfupa ambao haukushuka kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2006 Richard Lazzara na Stephan Porter walichapisha maelezo: ufa ulikuwa umesogezwa ndani, kuelekea katikati, na kundi la chembe za uvimbe likabaki limekaa juu ya ukingo badala ya kugusa mfupa. Leo karibu kila kampuni inauza kipandikizi cha namna hiyo na kukisifia kama tunda la fikra za kina, hali kilizaliwa na ghala tupu.

Waswedi wa kampuni ya Astra, huko Mölndal kando ya Göteborg, waliufuata mkondo tofauti. Mhandisi wao Stig Hansson alipiga hesabu za jinsi nguvu ya kutafuna inavyosambaa, akahoji kwamba shingo laini haiupi mfupa kazi yoyote, na mfupa usio na kazi hunyauka. Akaipa shingo hesi ndogondogo na uso uliokwaruzwa kwa kupulizwa chembechembe, na kiungio kikaingia kwa umbo la pia, kikabana kwa ndani badala ya kukalia juu. Hoja ya mwanabaiolojia ilikuwa bakteria, ya mhandisi ilikuwa mzigo, na kipandikizi kilichotokea kilizijibu zote mbili.

Uso wa mkwaruzo, hata hivyo, una makali pande mbili. Skrubu za kwanza za Brånemark zilitoka kwenye mashine ya kukerezea zikiwa karibu laini. Miaka ya 1980 kampuni za Marekani zilipaka vipandikizi madini yanayofanana na ya mfupa. Vilishika haraka, kisha kwa baadhi ya wagonjwa tabaka likabanduka au kuyeyuka na mfupa ukafuata. Siku hizi mkwaruzo wa wastani, wa maikromita moja hadi mbili, ndio uliozoeleka, kwa kuwa mfupa huupenda. Ukoga nao unaupenda. Mkwaruzo ukishabaki uchi kinywani, kuusafisha ni kazi ngumu sana.

Aliyedhani kwamba kuondoa ufa ndiyo dawa ya yote alipata jibu lake mwaka 2004. Nobel Biocare ilitoa kipandikizi kiitwacho NobelDirect, cha kipande kimoja, hakina ufa, na mkwaruzo wake ulipanda hadi kwenye fizi. Kiliingizwa bila kupasua fizi, kupitia tundu tu, kikasagwa palepale kinywani kupata umbo la kubeba jino, na mara nyingi kikabebeshwa jino siku hiyohiyo. Kwenye karatasi kilikuwa na kila kitu ambacho utafiti wa Texas ungekisifu. Mwaka 2005 maprofesa wa Göteborg, Albrektsson akiwa mmojawapo, wakatoa malalamiko hadharani kwamba mfupa wa wagonjwa unaporomoka, na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Sweden ikaingilia kuchunguza. Utafiti wa Pär-Olov Östman na wenzake uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 20 ya vipandikizi hivyo vilikuwa vimepoteza zaidi ya milimita 3 za mfupa, dhidi ya asilimia 0.6 ya vile vya vipande viwili vilivyolinganishwa navyo.

Hapo ndipo ilipoonekana wazi jinsi umbo na matumizi visivyotenganishika. Fizi isiyofunguliwa humnyima daktari nafasi ya kuona mfupa anaoutoboa. Kusaga titani kinywani kunaleta mtetemo, joto na vumbi la chuma kwenye jeraha bichi. Mkwaruzo uliofika kwenye fizi ni makao ya ukoga. Na kubeba mzigo siku hiyohiyo kunapunguza nafasi ya kusamehewa kosa lolote kati ya hayo. Ni lipi hasa lililoharibu? Kwa kuwa yaliuzwa kama kifurushi kimoja, kuyatenga kulikuwa kugumu, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kasoro yoyote moja ya kifaa chenyewe.

Makosa ya mikono yana orodha yake, na mengine ni ya kushangaza kwa udogo. Mwaka 1997 Ingemar Abrahamsson na wenzake walifungua na kufunga viungio vya mbwa mara tano, wakivisafisha kila mara kwa pombe. Kila ufunguzi ulichana mshiko mwembamba wa fizi, mshiko huo ukahamia chini zaidi kupona, na mfupa ukaufuata. Katika kliniki ya kawaida kiungio hufunguliwa kupima, kufunguliwa kuchukua alama, kufunguliwa kujaribisha jino, bila mtu kuhesabu. Mwaka 2000 Dennis Tarnow wa New York alipima picha za watu 36: vipandikizi viwili vilivyopandwa umbali usiozidi milimita 3 vilipoteza kati yao milimita 1.04 ya mfupa, vilivyoachiana zaidi ya hapo milimita 0.45. Huko Vilnius, Tomas Linkevičius alionyesha mwaka 2009 kwamba fizi yenye unene wa milimita 2 au chini ya hapo ilimgharimu mgonjwa hadi milimita 1.45 ya mfupa katika mwaka wa kwanza, hata ufa ulipoinuliwa juu ya mfupa. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba kiungio chembamba, lile tunda la ghala tupu la Florida, nacho hakiokoi kitu fizi ikiwa nyembamba.

Halafu kuna simenti. Jino likigandishwa juu ya kiungio kwa simenti, ziada hukamuliwa chini ya fizi na kuganda humo, mahali ambapo jicho halifiki na mara nyingi eksirei nayo haiioni. Thomas Wilson wa Dallas alichungulia kwa kamera ndogo, akachapisha mwaka 2009: katika vipandikizi vyenye dalili za ugonjwa, asilimia 81 vilikuwa na mabaki ya simenti. Yalipoondolewa, asilimia 74 ya vilivyotibiwa havikuwa tena na dalili. Baada ya hapo madaktari wengi walirudi kufunga meno kwa skrubu, kama alivyofanya Brånemark tangu mwanzo. Kitundu cha skrubu juu ya jino hakipendezi, lakini hakiachi kitu chini ya fizi.

Göteborg yenyewe, katika miaka ya karibuni, imegawanyika. Kambi moja, ya akina Lindhe na Berglundh, inashikilia kwamba mfupa unaoporomoka miaka baada ya kipandikizi kushika ni ugonjwa wa bakteria, ndugu wa ugonjwa wa fizi unaong'oa meno ya asili. Ushahidi wao mkubwa ni wa mbwa waliofungwa nyuzi shingoni mwa vipandikizi ili ukoga ujikusanye: uvimbe ulizama hadi kwenye mfupa. Kambi ya Albrektsson inajibu kwamba mbwa aliyefungwa uzi ni mbwa aliyejeruhiwa. Kwao titani ni kitu kigeni ambacho mwili umekizungushia mfupa ili kukitenga, na mwafaka huo ukivunjwa, na simenti, au mzigo mbaya, au mkono mzito, mfupa hurudi nyuma, na bakteria huja baadaye kama wageni wa msibani. Walilieleza hilo baada ya mkutano wao wa Estepona, Hispania, mwaka 2012. Mkutano wa dunia uliofanyika Chicago mwaka 2017 uliegemea upande wa bakteria, bila kuuzima ubishi.

Takwimu nzito zaidi zilipatikana kwa sababu Sweden ililipia matibabu hayo kupitia bima ya jamii, na majina yalibaki kwenye daftari la serikali. Jan Derks na wenzake waliwachagua watu kwa bahati nasibu kutoka daftari hilo, wakawachunguza 588 baada ya miaka tisa hivi. Asilimia 45 walikuwa na uvimbe wenye kutoa damu pamoja na mfupa kupungua zaidi ya nusu milimita, asilimia 14.5 walikuwa wamepoteza zaidi ya milimita 2. Hawa hawakuwa wagonjwa wa profesa. Walikuwa wamehudumiwa na madaktari wa kila aina, mijini na vijijini. Hatari iliongezeka kwa aliyewahi kuugua ugonjwa wa fizi, aliyepandikizwa vipandikizi vinne au zaidi, aliyewekewa kipandikizi cha kampuni fulani badala ya nyingine, aliyefungiwa meno na daktari wa kawaida badala ya bingwa, na yule ambaye ukingo wa jino lake la bandia ulikaa milimita 1.5 au chini ya hapo kutoka kwenye mfupa.

Derks alirudi pia kwenye picha za zamani za waliougua, akafuata mfupa wao mwaka hadi mwaka. Kwa wengi upotevu ulianza kabla ya mwaka wa tatu kwisha, na ulienda ukiongeza kasi. Milimita 0.1 kwa mwaka ya Adell ilikuwa wastani uliochanganya vipandikizi vingi ambavyo mfupa wake hausogei na vichache ambavyo unaanguka, ukatoa mstari mnyoofu ambao hakuna mgonjwa aliyekuwa akiupita. Kwa hiyo wataalamu wa Chicago walitaka picha ya eksirei ipigwe pale meno yanapofungwa, na nyingine baada ya mwaka mmoja, ili mfupa wa kila mtu ulinganishwe na wake mwenyewe. Asiye na picha hizo hupimwa kwa kukisia: fizi ikitoa damu ikiguswa, mfuko wake ukiwa na kina cha milimita 6 au zaidi, na mfupa ukiwa umeshuka angalau milimita 3 kutoka pale ulipopaswa kuanzia, anahesabiwa kuwa anaumwa.